Debe la Dungu Letu

Jumanne ile nilikuwa juu ya dungu tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kamba ya debe mkononi, na nilikuwa na hasira. Naanzia hapo. Watu wakisimulia vita huanza na moshi. Mimi naanza na hasira zangu za asubuhi, siku mbili kabla ya moshi wowote.

Redioni walisema vurugu za wakulima na wafugaji. Kiongozi mmoja alikuja na msafara wa magari akasema kumetokea kutoelewana. Mimi nilikuwepo. Mahali ambapo watu wanachomeana nyumba, wanauana mchana kweupe, na wewe unalala porini siku sita na mtoto wa miezi saba, mimi napaita vitani, na sitaki kusahihishwa na mtu aliyekuwa mjini.

Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa Ngerengere. Ukisimama kwenye majaruba ya mpunga unaiona milima ya Uluguru yote na wingu lake. Asili yetu ni kule juu. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyeshuka akafyeka bonde, na kwetu ardhi inafuata upande wa mama: ilikuwa ya bibi, ikaja kwa mama, kesho itakuwa yangu. Mwanamume akinioa, anakuja kulima kwetu. Atalima, atavuna, watamheshimu, lakini kikao cha ukoo kikianza yeye anakaa karibu na mlango. Wanaoamua ni wajomba.

Mume wangu, Baba Rukia, alilijua hilo wakati anakuja. Alikuwa mchekeshaji kipindi hicho, msiniulize alikwenda wapi yule mtu. Yeye na Seif, mdogo wangu anayenifuata, walikuwa wakitaniana kutwa. Seif alimwita mgeni. "Shemeji, wewe ni mgeni wa siku ya tatu. Shika jembe." Naye anamjibu kwamba jembe kalishika tangu siku ya kwanza, mwenyeji ndiye hajaacha kushika kijiko. Walikuwa wakicheka mpaka wanakaa chini. Nilikuwa nawaonea wivu. Nitalisema mapema ili tusisumbuane: mimi nina wivu, nimezaliwa nao. Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kumchekesha mume wangu, na nikamwonea wivu mume wangu kwa kupendwa na mdogo wangu.

Lakini Jumanne ile wivu wangu ulikuwa na jina, na jina lake Tatu.

Tatu alikuwa ameachika, jaruba lake linapakana na letu kule chini kwenye mfereji. Ana meno mazuri. Mpunga ulikuwa bado maziwa, wakati ambao ndege wanashuka kama mvua, na kila shamba lilikuwa na mtu juu ya dungu, anaamia. Unakaa kwenye kile kichanja, unavuta kamba, na debe lililofungwa kwenye mti katikati ya shamba linalia, ndege wanaruka. Mwaka ule tulikuwa tumepeana utaratibu mwingine juu ya ule. Ukivuta mara mbili tatu ukanyamaza, ni ndege. Ukivuta bila kupumua, ni hatari, ng'ombe wameingia au watu wamekuja, na kila mwanamume aache alichoshika akimbie na panga. Kila debe lina sauti yake. Letu lilikuwa la mafuta, kuukuu, lina tundu chini, linalia kama mtu mwenye mafua. Bonde zima lilikuwa likilijua.

Nikamwona Baba Rukia amesimama kwenye jaruba la Tatu. Amesimama tu, jembe begani, anacheka. Nikahesabu ndege wakashuka mara tatu wakala, yeye bado amesimama.

Nikavuta kamba bila kupumua.

Alikuja mbio, tope mpaka kiunoni, panga mkononi, macho yamemtoka. Seif nyuma yake. Nyuma yao wanaume wa mashamba manne. Wakauliza wapi. Nikasema nimeona ng'ombe kule kwenye matete. Wakatazama matete. Baba Rukia akatazama matete, akamtazama Tatu kule mbali, akanitazama mimi, na akashusha panga taratibu.

Seif ndiye aliyesema. "Dada, huyo ng'ombe kavaa khanga gani?"

Watu walicheka mpaka basi. Mzee mmoja alitukana, akarudi shambani kwake. Jioni ile kisimani kila mtu alikuwa anaijua khanga ya yule ng'ombe. Mimi mwenyewe nilicheka, kwa aibu. Baba Rukia peke yake hakucheka. Aliniambia wakati tunakula kwamba debe lile si la mchezo. Nikamwambia na ndoa pia.

Sitaki kusema nani alianza. Mvua zilikuwa zimekosekana kwao wafugaji, ng'ombe wakashuka kufuata mto. Walikula mashamba ya watu. Vijana wetu walimkata ng'ombe miguu akaachwa anagaagaa kutwa. Wao wakampiga mzee wetu. Kila nyumba ina orodha yake, na kila orodha inaanzia mahali panapompendeza mwenye nyumba.

Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi, walitokea kwenye matete. Niliwahesabu saba, mashuka yamefungwa kiunoni, mikuki na fimbo. Kilichonitisha ni kwamba hawakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nikavuta kamba. Nikavuta bila kupumua.

Ndege waliruka. Hakuna mtu aliyekuja.

Kutoka dungu la pili mwanamke akaniita kwa sauti ya kuimba. "Mama Rukia, leo kavaa khanga gani?"

Nikavuta.

Ndipo nikamwona Seif. Alikuwa anakuja juu ya tuta, polepole, hana panga wala jembe. Mikono yake ilikuwa juu, kichwani.

Nikapiga kelele arudi. Debe lilikuwa linalia, sidhani kama alinisikia.

Walitoka kushoto kwake, hatua kama kumi. Alisimama. Mikono bado iko kichwani.

Mkuki mmoja.

Nikaachia kamba.

Niliruka chini na Rukia mgongoni, nikalala ndani ya mpunga, maji yakanifika shingoni. Nikamzungusha kifuani, nikamtia ziwa mdomoni, nikamwomba Mungu mtoto alipende. Alinyonya. Mtoto ananyonya na dungu linaungua juu yetu. Majivu yalikuwa yanaanguka kwenye maji, nayapuliza yasimfike usoni.

Baba Rukia alinikuta pale. Sijui ni baada ya muda gani. Alikuja baada ya debe kunyamaza.

Siku sita tulilala porini, upande wa mlimani, sisi na nyumba nyingine tatu. Tulikula maembe mabichi na mahindi ya kuchoma ya watu. Nyumba zetu ziliungua, kisha vijana wetu wakaenda kuchoma maboma yao. Sisi tulizika wawili. Wao nao walizika, sikuuliza wangapi. Polisi walipokuja, tulirudi, na nikaeleza nilichokiona: kwamba mdogo wangu aliuawa amenyoosha mikono juu, anajisalimisha. Nilikieleza kule porini, kwa polisi, kwa wajomba, msibani, sokoni. Kila aliyekisikia alisaga meno. Nilikuwa nalala nacho hicho. Mtu kainua mikono, bado wakampiga.

Wiki ya pili wajomba waliitisha kikao. Mjomba Salumu, kaka mkubwa wa mama, aliuliza swali moja: debe limelia, bonde zima lina wanaume, ilikuwaje akaenda kijana mmoja mikono mitupu?

Watu walitazama mkeka. Nilimwona yule mwanamke wa dungu la pili anachezea ncha ya khanga yake. Mzee mmoja akakohoa, akaanza kusema, "Kwani Jumanne ile..."

Baba Rukia akamkata, kutoka kule mlangoni.

"Nililala," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nililala chini ya mti, sikusikia."

Ungesikia jinsi watu walivyopumua. Kila mtu alikuwa amelisikia debe na kila mtu alikuwa amecheka, na sasa alikuwa amepatikana mmoja aliyelala. Mjomba Salumu hakumtukana. Alisema tu kwamba mkwe ni mgeni, na mgeni halindi nyumba. Tangu siku ile wanaume wa kwetu wakila kwenye sinia, yeye chakula chake kilipelekwa kwenye sahani, pembeni, kama mgonjwa. Hakulalamika.

Na mimi nilimchukia. Mdogo wangu anakufa, mume wangu amelala. Nilimwambia hivyo, si mara moja. Alijibu "sawa".

Akaanza kuondoka, akiwa ndani ya nyumba. Sijui nilisemeje vinginevyo. Miguu ipo, viatu vipo mlangoni, mtu hayupo. Ukimwuliza umeshindaje, sawa. Mtoto anaumwa, sawa. Chumvi imezidi, hilo ndilo lililokuwa neno lake refu. Akalala anaangalia ukuta. Akaacha kulima bondeni, akaenda kufyatua matofali kwa watu, anarudi amechoka, anakaa na redio bila kuiwasha. Tulipata mtoto wa pili, wa kiume, nikampa jina Seif. Baba Rukia alimshika siku ya kwanza, akamrudisha kwangu, hakumshika tena mwaka mzima.

Wanawake wenzangu walinipa ushauri. Mpikie. Mnyime. Mwombee. Mwache. Mmoja akasema mwanamume anayenyamaza nyumbani, kuna mahali anaongea. Hilo ndilo lililonikaa, kwa sababu Tatu alikuwa amehamia mjini.

Basi mwaka wa tatu, Baba Rukia akaanza kwenda mjini kila Alhamisi. Anaoga, anavaa shati la mikono mirefu, nalipiga pasi mimi mwenyewe, mjinga mimi. Anarudi jioni macho mekundu yameoshwa. Alhamisi moja alirudi akamshika Seif. Akamweka kwenye goti, dakika moja hivi. Ungefikiri ningefurahi. Nilienda jikoni na wivu wangu, kwa sababu nilijua kuna mtu kamfungua, na si mimi.

Wiki iliyofuata nilimfuata. Rukia nilimwacha kwa mama, Seif mgongoni. Nilishuka kituo cha mabasi cha Msamvu, nyuma yake watu kadhaa, khanga nimejifunika mpaka machoni, nikamfuata kwa miguu. Njiani nilikuwa napanga. Tatu nitamkamata nywele, kisha meno. Nilikuwa nimevaa raba.

Aliingia kwenye uzio wa zahanati moja, akazunguka nyuma, kwenye vyumba vidogo. Mlango ukafungwa. Nikasimama chini ya dirisha la vioo vya kukunja.

Nikamsikia akiongea.

Miaka miwili na nusu sikuwahi kusikia sentensi yake yenye mkia, na mle ndani alikuwa anaongea kama mto. Sikushika maneno. Nilishika sauti tu, inapanda, inashuka, inakatika. Kisha akalia. Mume wangu, ambaye hakulia kwenye kaburi la mdogo wangu, alikuwa anamlilia mtu mle ndani.

Nikasukuma mlango.

Hakuwa Tatu. Alikuwa mama wa miaka kama hamsini na kitu, miwani imeshuka puani, ndala amezivua chini ya meza. Katikati yao palikuwa na kopo la maji na kitambaa. Nilisimama pale na raba zangu. Tatu ningempiga. Yule ningemfanya nini?

Nikauliza, "Huyu ni nani kwako?"

Yule mama hakunijibu. Alimgeukia Baba Rukia akamwuliza kama anataka nibaki. Na mume wangu, mbele ya mgeni, akatikisa kichwa. Hapana.

Nilitolewa. Kwa upole, lakini nilitolewa. Nikakaa kwenye benchi nje na mtoto analia, na pembeni yangu alikuwa amekaa mwanamume mtu mzima, mrefu, shuka begani, fimbo kati ya magoti. Mfugaji. Alikuwa anasubiri zamu yake. Alisogea ili nipate nafasi ya kumlaza mtoto. Nilitaka kumtemea mate. Nilimlaza mtoto. Nilikaa pale najiambia kwamba hata huyu, hata hawa, wana mlango wa kugonga, na mimi niliyelala ndani ya maji na majivu sina.

Yule mama, Mama Anjela, alikuja akakaa nami baadaye. Alijitambulisha kuwa ni mshauri nasaha, na kwamba anayoambiwa mle ndani hatanieleza, nisijisumbue. Aliniambia tu kilichokuwa kinaonekana na kila mtu: kwamba kule kwenye matofali mtu aligonga bati, Baba Rukia akaanguka, akaletwa zahanati, hawakuona ugonjwa, nesi akamwelekeza kwake. Mwezi wa kwanza alikuwa anakuja, anakaa, anatazama saa, anaondoka. Hakusema neno.

"Na wewe ulifanya nini?" nilimwuliza.

"Nilikaa naye."

Alisema watu wengi, na wanaume hasa, wakizidiwa wanafunga. Wamefundishwa tangu wadogo kwamba mwanamume akilia nyumba inaanguka, basi anapoona kilio kinakuja anafunga mlango, na huwezi kufunga kilio peke yake. Kicheko kinabaki humo humo, na mapenzi, na hamu ya kumshika mtoto. Mwili wenyewe unakuwa kama uko bado kwenye hatari. Akasema nikimwuliza "una nini" kila siku, uso kwa uso, kwake inakuwa kama polisi.

Nikamwambia, "Mimi ni mke wake. Mbona kwako anasema?"

"Kwangu analosema halivunji kitu, mwanangu. Mimi sikufiwa na mtu pale. Nikitoka hapa naenda kupika."

Nilimchukia kwa jibu lile, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Alinipa kazi, kama mwalimu. Nisimwulize kitu. Kila jioni nitafute kazi ya mikono, tukae ubavu kwa ubavu, si kutazamana, na yeye aseme jambo moja tu la siku ile, kubwa au dogo. Mimi nisilijibu. Niseme nimesikia. Nilimaliza kidato cha nne, sikuona hiyo ni elimu ya kulipia nauli. Lakini jioni ile nilimpa kikapu cha kunde, tukakaa kizingitini tunamenya.

Kunde ziliisha. Hakusema.

Siku ya tatu akasema, "Leo jirani kagonga sufuria, mikono ikanitetemeka."

Nilikuwa na maneno kama ishirini. Nikayameza. Nikasema nimesikia.

Tulimenya kunde miezi miwili. Watu walianza kuniuliza kama nina genge. Kidogo kidogo lile neno lake moja likawa mawili. Akasema anaota maji. Akasema Seif mdogo ana masikio ya mjomba wake na ndiyo maana hawezi kumtazama kwa muda mrefu. Kuna siku alisema kitu cha kuchekesha kuhusu mjomba Salumu, nikacheka, tukashtuka wote wawili. Lakini kwa Mama Anjela aliendelea kwenda, na kila Alhamisi niliendelea kuhesabu alichompelekea yeye ambacho mimi sijapewa.

Kisha Alhamisi moja aliniambia twende wote.

Tulikaa viti vitatu. Baba Rukia alitazama sakafu, akaliongea lote bila kusimama, kama mtu anayetapika.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa macho. Tulikuwa mimi na Seif kwenye mfereji, debe likalia. Akaniuliza, shemeji, twende? Nikamwambia achana naye, ni wivu wa dada yako ule, Tatu kapita."

Mama Anjela alimsogezea kopo la maji.

"Tukacheka. Likaendelea kulia. Seif akaweka panga chini, akasema ngoja nikampelekee ng'ombe wake. Akaweka vidole kichwani hivi, kama pembe. Akaenda anatembea kama ng'ombe. Mimi nilikaa nikamtazama, nacheka. Lilipokatika ghafla ndipo nikajua. Mtu mwenye wivu haachi ghafla."

Akaweka vidole vyake viwili juu ya masikio, na nikaiona mikono ya Seif.

Miaka yote ile nilikuwa namwona mdogo wangu anajisalimisha. Niliwaambia polisi. Niliwaambia watu wakasaga meno, wengine wakaenda na kibiriti. Alikuwa hajisalimishi kwa mtu. Alikuwa anakuja kunitania. Waliomwua walimwua, sitawaombea radhi, mkuki ni mkuki. Lakini alikufa akiwa ng'ombe wangu, yule niliyemtunga mimi siku ya Jumanne.

Nilinyanyuka kumpiga Baba Rukia. Nikakaa tena. Nikamwuliza kwa nini aliwaambia amelala.

"Mimi ni mgeni pale," alisema. "Wakinilaumu, nafunga mzigo naondoka. Wewe wakikulaumu, utakwenda wapi? Ni kwenu."

Nilikuwa nimemwita mzembe miaka mitatu, naye alikuwa amekaa ndani ya lile jina kama mtu aliyekaa mlangoni kuzuia upepo. Ndiyo maana alinyamaza. Angefungua mdomo kwa jambo moja dogo, na hili lingetoka nyuma yake.

Hivi ndivyo nilivyo: hata pale, huku nalia, nilimtazama Mama Anjela nikafikiri, huyu alijua kabla yangu. Alikuwa amejua miezi, akiniambia nimenye kunde.

Dua ya Seif, mwaka wa nne, ilisomwa nyumbani kwa mama. Wanaume walikaa kwenye mkeka, sinia la pilau likaja, sahani ya Baba Rukia ikaja pembeni kama kawaida. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Hatukuwa tumekubaliana. Yeye alikuwa ameniomba nisiseme.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mjomba Salumu alikuwa na tonge mkononi.

Nikasema. Jumanne, Tatu, khanga, Alhamisi, pembe. Nilisema kwamba baba wa wanangu hakulala. Nilisema kwamba na wengine waliokaa pale walilisikia debe, wanajijua. Sikulia. Mjomba aliweka tonge chini, akaomba maji, akanawa mkono upya, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akatazama mlangoni.

"Mkwe," alisema, "sogea."

Wakasogea nao, akakaa. Halafu mtu akasema mkono wa mgeni usicheleweshwe, na nikawasikia wanacheka kidogo, na yeye pia.

Nilirudi jikoni. Wanawake walikuwa wameshasikia. Yule wa dungu la pili hakuwepo tena, alikuwa amebeba mtoto wake ameondoka. Mama alikuwa anakoroga uji, amenipa mgongo.

"Nililisikia," alisema, hajageuka. "Nilikuwa kisimani. Nikasema, mwanangu huyo na wivu wake. Nikaendelea kuteka maji."

Miaka minne. Wanasema wanaume ndio wanaonyamaza.

Mama hajanifukuza. Hajanilaumu kwa neno. Ananitumia chakula kwa mtoto, ananirudishia vyombo, haketi. Dada zangu wa ukoo wanaongea mpaka nifike. Na mimi nimegundua kwamba nikiulizwa umeshindaje, najibu sawa. Baba Rukia anakula sinia moja na wajomba zangu, anarudi na vichekesho vyao, na ninamwonea wivu, ananukia watu. Jioni ananiletea kunde. Anakaa ubavuni, anamenya, haniulizi kitu.

Alhamisi siku hizi naenda mimi. Mwezi wa kwanza nilitazama saa.

Tumelima tena bondeni. Dungu ni jipya, debe ni jipya, lina sauti nyembamba ambayo bado haijajulikana na watu. Anayeamia ni yeye, mimi nakuwa kwenye mfereji. Akilivuta, hata mara mbili, hata iwe ndege watupu na ninawaona kwa macho wanaruka, natupa jembe nakimbia juu ya lile tuta mpaka nifike chini ya dungu. Nafika nahema. Ananitazama kutoka juu.

Hanicheki.